Mpeni Juzuu Asome

Kama umeshasikiliza kipindi cha wiki hii, unajua tuliongea habari za chuo. Si chuo kikuu, ni kile cha jioni, viatu vimerundikana mlangoni na maalim anamjua kila mtoto kwa sauti yake bila hata kuinua kichwa. Tulicheka sana. Lakini kuna suala moja tuliligusa juu juu tukaishiwa na muda, nami nimeona nilitolee safu nzima: mtoto akifika mahali katika kusoma kwake, sisi nyumbani tumfanyie nini?

Nasema "akifika mahali" kwa makusudi, maana wengi wetu tukisikia sherehe ya Qurani tunawaza siku moja tu, ile ya kuhitimu.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kuhitimu limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kumaliza na kupiga muhuri. Kwa wazee wetu wa pwani, aliyehitimu alikuwa mtoto aliyeumaliza msahafu mbele ya mwalimu wake. Chuo nacho kilikuwa pale alipokaa kusoma, na katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu pia. Baadaye zilipokuja skuli za serikali na digrii, maneno yale yale yakachukuliwa yakapewa kazi mpya. Kwa hiyo binamu yako anayejigamba kwamba amehitimu chuo kikuu anatumia maneno mawili ya mtoto mwenye msahafu. Mwambie, uone atakavyocheka.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayoonesha tatizo liko wapi. Qurani ina sura 114, imegawiwa juzuu 30. Msahafu wa Madina, ambao wengi wetu tunao nyumbani, una kurasa 604. Mtoto akisoma ukurasa mmoja kila siku bila kuruka hata siku moja, atamaliza baada ya mwaka mmoja na miezi minane hivi. Akisoma nusu ukurasa, ni zaidi ya miaka mitatu. Na hapo tunamhesabu mtoto ambaye tayari anajua herufi na anaziunganisha. Kwa mtoto wa huku Uingereza, ambaye mchana kutwa yuko kwenye Kiingereza na chuo anakwenda jioni mara mbili au tatu kwa wiki, hatua hiyo ya herufi peke yake inaweza kula miaka miwili.

Maana yake, mtoto aliyeanza alifu na miaka 5 au 6 atahitimu akiwa na 10, 11, pengine 12, pengine zaidi. Miaka sita ni nusu ya umri wake wote! Huwezi kumwambia mtoto wa darasa la kwanza, "Vumilia, mwanangu, sherehe yako iko mbele, utaiona ukikaribia kubalehe."

Vituo vya njiani viko vingi, na kila aliyepita chuoni anavijua. Kuna siku mtoto anamaliza kaida na kukabidhiwa msahafu kwa mara ya kwanza. Kuna siku anaisoma Fatiha yote, aya 7, bila kusaidiwa. Kuna kumaliza Juzuu Amma yenye sura 37, ambazo watoto wengi huzisoma kwa kurudi nyuma, kutoka Nnasi mpaka Amma yenyewe. Kuna kuimaliza Baqara, sura ndefu kuliko zote, aya 286, ambayo watoto wengi huhisi kama jangwa lisilo na mwisho. Wenzetu nao wana desturi zao. Ukiwa na rafiki wa Kipakistani, bila shaka umewahi kualikwa kwenye Ameen, karamu ya mtoto aliyemaliza Qurani, na wengine hufanya Bismillah siku mtoto anapoanza. Wayoruba wa Nigeria wana walima. Watoto wetu wanakaa bega kwa bega na watoto hawa chuoni, wanaona maputo, keki ya umbo la msahafu, picha mtandaoni. Wanarudi nyumbani wanauliza, "Na sisi je?"

Mimi sipingi keki. Mtoto akifurahi kwa ajili ya Qurani, hilo ni jambo kubwa katika nchi hizi. Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto anaijua thamani ya kitu kwa namna tunavyokisherehekea, na kuna sherehe zinazomwambia jambo ambalo sisi hatukukusudia kumwambia.

Nitakueleza yaliyotokea kwetu. Mtoto wa kiume wa dada yangu alihitimu akiwa na miaka 11. Alhamdulillah, ilikuwa furaha ya kweli. Dada alipika biriani, sahani zikaenda kwa majirani, maalim akapewa kanzu na bahasha yake, na mtoto akapewa baiskeli. Bibi aliangalia kwa simu kutoka Unguja, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Mdogo wake wa kike alikuwa na miaka 8. Huyu anasoma polepole. Dhwa na dha zinamchanganya, na hata skuli kitabu cha Kiingereza kinampa tabu. Hajakosa akili hata kidogo, ila njia yake ya kusoma ni ndefu. Basi wiki mbili baada ya sherehe ya kaka yake, tumbo likaanza kumuuma. Linauma Jumatatu na Jumatano, siku za chuo. Jumanne limepona, anaruka kamba.

Jioni moja wakiwa garini akamuuliza mama yake, "Mama, mtu akichukua miaka kumi, baiskeli bado inakuwepo?"

Dada alinipigia simu usiku ule, sauti nzito. Tukazungumza mpaka saa sita. Shemeji yangu yeye alikuwa na suluhisho la haraka: mtoto anunuliwe baiskeli yake sasa hivi, mambo yaishe. Dada hakutaka. Alisema akimpa leo, mtoto atajua kwamba ni ya kumhurumia, na watoto wanalijua hilo haraka kuliko sisi. Mimi nilipendekeza chati ukutani, nyota kwa kila ukurasa. Dada akanijibu kwamba chati ya kaka yake ingejaa kabla ya yake kuanza. Kweli, hapo sikuwa na la kusema.

Siku ya pili tukampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mbona mko wawili? Kuna nini?"

Tukamweleza. Bibi anasikiliza huku anachambua mchele, unausikia ungo. Halafu akauliza, "Huyo mtoto anajua kusoma nini?"

"Amma, Bibi. Na hajaimaliza. Kabakisha Abasa, Nnaziati na Amma yenyewe."

"Basi si anasoma huyo? Khitma ya babu yenu inakuja. Mpeni juzuu asome."

Kwa wale ambao kwenu haiko, nieleze. Kila mwaka familia yetu hukusanyika kumsomea Babu khitma. Zamani watu walikaa kwenye mkeka mmoja, likaletwa sanduku la vijuzuu thelathini vidogo vidogo, kila mtu akachukua kimoja, na baada ya saa moja hivi Qurani nzima imeshasomwa. Siku hizi tumetawanyika, kwa hiyo mjomba wetu aliyeko Maskati anaandika namba 1 mpaka 30 kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kila mtu anaweka jina lake mbele ya namba. Kisha tunakutana kwa simu. Saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi ni saa mbili usiku Unguja na saa tatu Maskati, kwa hiyo hakuna anayelala wala aliyeko kazini. Wanaosoma ni watu wazima na watoto waliohitimu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, ingawa hakuna aliyewahi kuiandika popote.

Mara hii, mbele ya namba 30, mjomba akaandika jina la mtoto wa miaka 8.

Zilibaki siku 32. Dada akatoa kalamu. Abasa ina aya 42, Nnaziati 46, Amma 40; jumla aya 128. Ni aya nne kwa siku. Maalim alipoambiwa akasema amlete dakika kumi kabla ya wenzake. Hakumlegezea. Alimrudisha aya ile ile mara tatu, mara nne, kama anavyowarudisha wengine. Nyumbani mtoto alisoma nne zake na mama yake baada ya chakula cha usiku, siku nyingine kwa machozi, siku nyingine upesi upesi akimbilie katuni. Tumbo liliuma mara moja tu ndani ya mwezi ule. Siku hiyo alipumzika, kesho yake akasoma nane.

Siku ya khitma kila mtu alikuwa ameshaisoma juzuu yake kabla, na zikabakishwa sura kumi za mwisho zisomwe kwa sauti, wote wakisikiliza. Sura hizo ziko kwenye juzuu ya 30, kwa hiyo msomaji alikuwa yeye. Akavaa mtandio wake mweupe, akakaa kitako mbele ya simu. Alikwama kidogo kwenye Lfili. Hakuna aliyemkimbilia kumsaidia, maalim alikuwa ametuonya. Akarudi nyuma, akapita. Alipofika Nnasi akamaliza, kisha akaunganisha na Fatiha na aya tano za mwanzo wa Baqara, kama ilivyo desturi ya wengi, kwamba ukimaliza unaanza tena papo hapo. Bibi akaomba dua.

Baada ya dua Bibi hakumwambia "hongera, umeshinda." Alimwambia, "Mjukuu wangu, juzuu ya thelathini ni yako. Mwakani usitupe tabu ya kutafuta mtu."

Sitaki kuipaka hadithi hii sukari. Yako majira anaburuta miguu kwenda chuoni, na dhwa bado ni dhwa. Lakini habari za baiskeli hajaziuliza tena, na alipokuja mjomba kutoka Maskati wakati wa kiangazi, mtoto ndiye aliyemkumbusha kwamba namba 30 isiandikwe jina la mtu mwingine.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wakati ule. Zawadi inahitaji mstari wa mwisho, na ukishachora mstari, ndugu wawili hawawezi kufika siku moja. Mmoja atakuwa wa kwanza na mwingine atajiona amechelewa, hata kama hakuna mtu aliyetamka neno hilo. Nafasi katika familia haina mstari. Anayejua juzuu moja anahitajika kwa juzuu moja, anayejua sura kumi anahitajika kwa sura kumi. Mtoto akijua kwamba bila yeye khitma inabaki na juzuu 29, hapo ameelewa kwa nini anasoma, na hukuhitaji kumhutubia.

Na dini yenyewe haikumdharau msomaji wa polepole. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha, anayesoma Qurani kwa kukwama na kwa tabu amepewa malipo mawili. Inasimuliwa pia, na Qurtubi ameitaja katika tafsiri yake, kwamba Sayyidna Umar alijifunza Baqara kwa miaka 12, na alipoimaliza akachinja ngamia. Miaka 12 kwa sura moja! Karamu ile ilifanywa kwa ajili ya mtu aliyekwenda polepole, na mtu mwenyewe alikuwa Umar. Na Anas bin Malik, sahaba aliyemtumikia Mtume akiwa bado kijana mdogo, imepokewa kwamba alipokuwa akihitimisha Qurani aliwakusanya watoto wake na watu wa nyumba yake, akawaombea dua. Hapo unaona sherehe ilivyokuwa: watu wa nyumba wamekaa pamoja, na dua.

Najua wako masheikh wasioona sawa kumsomea maiti khitma, na katika familia zetu nyingi mjadala huo unarudi kila mwaka pamoja na sambusa. Sikuja kuuamua hapa. Kama kwenu hamfanyi, nafasi za kumpa mtoto ziko tele. Hizi ni baadhi ya zile nilizoziona zikifanya kazi, kwetu na kwa marafiki:

Khitma ya Ramadhani ya nyumba nzima. Juzuu 30, siku 30. Gaweni kwa kadiri ya uwezo. Baba anaweza kuchukua kumi, mtoto wa Amma akachukua sura zake tano. Usiku wa kumaliza, wote mnakuwa mmemaliza, na tende zinaliwa na wote.

Mwalimu mdogo. Chuo cha zamani kiliendeshwa hivi: waliotangulia waliwasomesha walio nyuma yao. Mtoto aliyemaliza kaida mpe mdogo wake amfundishe alifu, be, te. Hakuna cheti kinachofika hapo. Na mdogo naye ana mtu wa kumuonea fahari.

Msomaji wa Bibi. Wazee wetu wengi macho yamechoka. Kila Ijumaa mtoto ampigie Bibi amsomee sura moja, iwe fupi kama Kauthari yenye aya tatu. Bibi atamsahihisha, atamuuliza amekula nini, na mtoto atalazimika kujibu kwa Kiswahili. Umepata vitu viwili kwa simu moja.

Kituo cha maana. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi, na ndicho tunachokisahau. Watoto wetu wanasoma Kiarabu bila kukielewa, kisha wakitaka maana wanaikuta kwa Kiingereza. Kiswahili kinaachwa nje mlangoni pamoja na viatu. Wakati Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Zanzibar aliyefariki Oman mwaka 1982, alitutafsiria Qurani nzima kwa Kiswahili, ikatoka Nairobi mwaka 1969. Pengine iko kwenye kabati la wazazi wako sasa hivi. Mtoto akishaijua Maun kwa kusoma, mkae naye muisome maana yake kwa Kiswahili, halafu siku ya wageni amweleze babu yake kwa maneno yake mwenyewe: inawalaumu wanaomsukuma yatima na wanaowanyima watu hata msaada mdogo. Kisha mpe sahani apeleke kwa jirani. Huyo ameisoma Maun kwelikweli.

Na kwa wasikilizaji wetu Wakristo, hasa mlioko Marekani na familia za Kongo na Burundi, nadhani mnaniona naongea habari zenu pia. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Mkisoma tatu kila usiku ni mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi, na mtoto wa miaka 7 hatangoja mwaka. Lakini Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu. Anaweza kuisoma leo usiku, kwa Kiswahili, wote mkiwa mmefumba macho, na kesho yake akaulizwa, "Zaburi yako iko wapi?"

Neno kwa nyinyi vijana wenzangu ambao bado hamna watoto. Msidhani kwamba safu hii ni ya wazazi. Kwenye familia zetu wazazi wamechoka, wana zamu za usiku. Kaka mkubwa, dada, mjomba, shangazi, mama mdogo, sisi ndio tunaojua Kiingereza cha mtoto na Kiswahili cha Bibi kwa pamoja. Kumpigia mjomba na kumwambia "mwaka huu muandike na huyu" ni kazi ya dakika mbili. Na usiseme "mimi mwenyewe nimesahau." Kama umesahau, chukua sura moja unayoijua, uwekwe na wewe kwenye orodha. Mtoto akiona mtu wa miaka 24 anasoma kwa kukwama na haoni haya, atapata nguvu ambayo baiskeli haiwezi kumpa.

Keki pikeni, halua nunueni, udi fukizeni, na maalim msimsahau. Lakini kabla ya kuagiza maputo, muulize mwenye orodha kama bado kuna namba iliyo wazi.

Wiki ijayo kwenye kipindi tuna maalim wawili, mmoja wa huku na mmoja wa Mombasa, na nitawauliza lile swali ambalo kila mtu anaogopa kuuliza: mtoto akikataa kabisa kwenda chuo, mnafanyaje? Kama kwenu mna namna yenu ya kumpa mtoto nafasi, nitumieni kwa sauti, dakika moja inatosha, tuicheze hewani. Kiswahili cha kubabaisha kinaruhusiwa. Kwani mimi changu kikoje?